Unene wa Karatasi Moja

9 Februari

Mjukuu wangu,

Nina miaka sabini na tisa. Nimemzika bibi yako, nimemzika baba yako, nimeishi kuliko malori matano ya kampuni, mameneja kumi na mmoja, na yule daktari aliyeniambia nikiendelea na chumvi sitafika sabini. Yeye ndiye hakufika. Chumvi bado nakula.

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Shangazi yako hajambo ila mdomo, huo haujapatiwa dawa. Paa la jikoni linavuja palepale, na sisi tunaweka sufuria palepale. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shangazi alitaka kuniandikia nikakataa, maana akiandika yeye ananitia maneno ya adabu ambayo sikuyasema. Shule niliishia darasa la pili, lakini herufi nilijifunza kwenye vibao vya magari, na kibao cha gari hakikosei. Simu usinipigie. Injini zimenila masikio miaka arobaini na moja, nikiweka simu sikioni nasikia nyuki.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuwa natafuta viatu chini ya kitanda chako, nikakuta lile boksi. Lori lako dogo la rimoti, la umeme, lile la kushindania kwenye vumbi. Miaka miwili halijaguswa, buibui kajenga kwenye tairi la nyuma. Nikalibeba mpaka uwanja wa klabu yenu, nyuma ya kiwanda cha matofali. Mwalimu mstaafu bado ndiye mshika daftari. Akanionyesha namba yako, 31, imezungushiwa penseli. Akasema sheria ni sheria, namba isiyomaliza shindano hata moja mpaka Jumamosi ya mwisho ya Agosti inafutwa, anapewa mwingine. Na huyo mwingine ni mfamasia wa pale kona. Alikuwepo hapohapo, akanitazama na boksi langu akasema, "Mzee Spana, hilo lirudishe kitandani lilale. Hii si kazi ya nyundo."

Mimi! Mimi niliyeshusha injini ya lori la mchanga peke yangu, kwa mnyororo, mvua inanipiga!

Namba 31 ndiyo ilikuwa mlangoni mwa lori la baba yako. Miaka kumi na sita hakulilaza ubavu hata siku moja. Haifutwi mimi nikiwa hai. Nitalitengeneza, na wewe utakuja likizo Agosti uliendeshe. Niandikie namna ya kuliweka sawa. Andika herufi kubwa.

Babu yako,
Spana


2 Machi

Babu, shikamoo.

Barua imefika na alama ya grisi. Nimeinusa nikajiona niko kwenye kile kibaraza chako. Huku mimi mzima. Kazi ni ileile, natengeneza mashine za hospitali. Leo nina mbili za hewa zimefunguliwa mezani, na ya tatu inakohoa kuliko mgonjwa. Nisalimie shangazi, mwambie sweta aliyofuma imenitosha kila mahali isipokuwa mikono.

Babu, najua nikikukataza utafanya mara mbili. Basi soma haya.

Betri ya zamani usiichaji, imeshavimba, itatoa moto. Muombe Mwalimu betri ya klabu. Ukiichaji iweke ndani ya sufuria kuukuu, na usiondoke hapo.

Rimoti ndiyo ya kwanza kuwashwa na ya mwisho kuzimwa. Siku zote. Ukizima rimoti na lori bado linawaka, lori linakuwa halina wa kumsikiliza, litakwenda linakotaka.

Shokapu zimekauka. Zifungue, tia mafuta membamba, weka springi laini. Ukilidondosha lori kutoka usawa wa goti, linatakiwa litue kama paka. Likidunda kama mpira, umekosea.

Kuhusu Agosti, tutaona.

Mjukuu wako


28 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu. Sisi wazima. Shangazi yako naye mzima ila kifundo cha mguu, nitaeleza.

Uliandika mafuta membamba. Mimi nikasema, mtoto huyu kasahau lori ni nini. Lori linabeba. Nikatia mafuta ya giaboksi, mazito kama asali, na springi nikachagua ngumu kuliko zote. Hakuna lori lililotoka mikononi mwangu likiwa limejikunyata. Nikalipeleka uwanjani, nikampa Mwalimu aliendeshe mimi nitazame. Tuta la kwanza likaruka. Likatua. Likaruka tena bila kuulizwa, likaenda kuvunjia mkono wa tairi la mbele kwenye tofali. Mfamasia alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, umetengeneza mbuzi!"

Sikumjibu. Basi, nilimjibu kidogo. Nilimwambia la kwake kalinunua limeshafungwa kila kitu, hata skrubu hajui inafunguka upande gani, na mtu wa kununua mtoto asije kutuambia uchungu wa kuzaa. Hapo wakacheka wengine. Nikamwongezea, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Mafuta mazito nimeyatoa. Nimetia membamba na springi laini. Ulisema kweli, lori hili halina mzigo ila mwili wake. Hilo usimwambie mtu.

Pili, rimoti. Niliizima kwanza. Mkono ulikuwa karibu na kitufe, basi. Lori likatoka sebuleni, likapita chini ya meza, likamkuta shangazi yako na beseni la nguo, likamgonga kifundo, likaenda kujikita chini ya kabati matairi yanazunguka. Shangazi akasema, "Baba, chagua, mimi au hili dubwana." Nikamwambia asinipe mtihani mgumu.

Mkono wa tairi nimechonga mwingine, mgumu kuliko wa dukani. Shangazi anautafuta ubao wake wa plastiki wa kukatia vitunguu. Na hilo usiseme.

Sasa gia zinalia. Shangazi anasema ni kama paka kabanwa mlangoni, mimi siwasikii paka siku hizi. Niambie dawa yake. Na hilo "tutaona" ni neno gani? Baba yako alikuwa anasema nakuja, au siji.

Babu yako,
Spana


20 Aprili

Babu, shikamoo.

Nimecheka kazini peke yangu mpaka msimamizi akaja kuuliza ni mashine gani imepona. Mpe shangazi pole ya kifundo. Huku mvua haikatiki, nguo zangu zinakaukia mwilini. Ile mashine iliyokuwa inakohoa nimeiponyesha.

Gia zinalia kwa sababu umezibana, ile ndogo ya mota na ile kubwa ya plastiki. Legeza skrubu mbili za mota. Chukua kipande cha karatasi, upana wa kidole, kipitishe katikati ya gia zote mbili. Sukuma mota mpaka meno yakalie karatasi, kaza skrubu, halafu zungusha gia kwa kidole karatasi itoke. Nafasi inayobaki ni unene wa karatasi moja, na ndiyo inayotakiwa. Zikikaribiana kuliko hapo zinaungua. Zikiachana kuliko hapo zinakulana meno.

Likishakimbia dakika tano, gusa mota. Ukiweza kuhesabu mpaka tano kidole kikiwa hapo, ni salama. Ukiondoa kwenye mbili, gia ya mota ni kubwa mno, funga ndogo.

Mjukuu wako

Halafu, Babu. Sirudi Agosti. Nimetia sahihi miaka mitatu mingine huku. Lori mpe mfamasia, na namba pia.


15 Mei

Mjukuu wangu,

Salamu. Sisi wazima. Shangazi kanunua ubao mwingine wa vitunguu na anaulalia. Chumba chako nimekipaka rangi, ya kijani, ndiyo iliyokuwepo. Herufi zangu zikicheza usishangae, meza hii ina mguu mbovu.

Karatasi ulisema. Nimeweka gia maisha yangu yote kwa kusikiliza, lakini masikio ndiyo hayo, nikasema haya. Ya gazeti ikawa nyepesi. Ya boksi la dawa ikawa nene. Ya barua yako ikakaa sawasawa, nikakata ya chini, pale mwisho. Sasa gia zinaimba. Shangazi mwenyewe kasema halilii, na yule hasifii kitu.

Mota nimeigusa nikahesabu mpaka tisa. Shangazi akasema hiyo si mota kuwa baridi, ni vidole vyangu vilivyokufa zamani. Akajaribu yeye, akafika sita. Tumeandika sita.

Nimelipima urefu kutoka chini, betri ikiwa ndani, maana lori hupimwa na tumbo lake. Mbele na nyuma sawa. Matairi nimeyabandika upya kwenye ringi na gundi, mawili kidogo yabaki na mimi, kidole gumba kilishikana nayo, shangazi akakibandua kwa maji moto na matusi.

Uliza mtu yeyote hapa mtaani nani anajua malori. Ng'ombe hazeeki maini. Agosti ukija, kazi yako ni kushika rimoti tu.

Babu yako,
Spana


8 Juni

Babu, shikamoo.

Mimi mzima. Sina habari nyingi.

Ulikata upande gani wa barua yangu? Pale mwisho nilikuwa nimeandika kitu. Kama hukukisoma nakirudia hapa juu kabisa, mahali ambapo huwezi kukata bila kukata shikamoo: sirudi Agosti. Nimekubali miaka mitatu.

Pia, Babu, mimi kazi yangu ni kutafuta hitilafu. Kwenye barua ya Februari herufi zako zilikaa kwenye mstari. Mwezi Mei zinapanda na kushuka kama njia ya lori lako, na meza ile niliifunga miguu mwenyewe kabla sijaondoka. Mkono una nini? Shangazi nimemwandikia, hajibu, maana yake umemkataza. Mficha maradhi kifo humuumbua, ulinifundisha wewe.

Mjukuu wako


30 Juni

Mjukuu wangu,

Salamu zipo, zichukue.

Nilisoma. Sikutaka kusema lakini nimesema. Nilisoma neno moja moja na kidole, mara tatu, mtu wa darasa la pili hasomi kwa kupitia. Nikakaa. Halafu nikachukua makasi ya shangazi nikakata hapohapo, nikasema kama karatasi inatakiwa basi na iwe hii. Nikalipitisha neno lako kwenye meno ya gia. Mara ya kwanza likatoka limekunjika. Nikalirudisha. Mara kumi na mbili limepita, na bado linasomeka. Nikajua ulilikaza kwelikweli ulipoliandika.

Mkono ni wa kulia. Tangu Machi. Unatetemeka kama injini yenye pistoni mbovu, haujazimika, unatetemeka tu. Daktari mpya, mtoto wa juzi, amesema hautaondoka, utazoeleka. Shangazi nilimkataza, kweli. Ile rimoti niliizima kwa sababu hiyo, sio kwamba sikujua. Na ndiyo sababu nilimpa Mwalimu aendeshe siku ya tofali.

Mfamasia sitampa. Nitaliendesha mwenyewe.

Nimeshajaribu mara nne. Kidole cha kushoto kinavuta moto, kile kitufe cha mwendo, vizuri. Tatizo ni mkono wa kulia, ndio unaoshika kigurudumu cha usukani. Mkono ukitetemeka, lori linatetemeka. Kwenye njia iliyonyooka linakwenda kama mlevi anayejua watu wanamtazama. Mwalimu kaniambia, "Mzee, acha, hakuna atakayekucheka." Nikamwambia ninayemwogopa si anayecheka. Hajaelewa. Ninayemwogopa ni anayenihurumia.

Zimebaki wiki nane. Kama una la kunifundisha, fundisha. Kama ni la kunikataza, baki na wino wako.

Spana


21 Julai

Babu, shikamoo.

Pole na mkono. Nisingekataza. Nimekaa na barua yako siku tatu, halafu nikaenda duka la huku nikaomba kushika rimoti kama yetu, ili nisikuelekeze kwa kukumbuka.

Ishike ile rimoti. Juu ya kigurudumu cha usukani kuna vidude vitatu vya kuzungusha. Cha katikati, zungusha kushoto mpaka nusu. Hicho kinalegeza usukani pale katikati tu. Kigurudumu kikicheza kidogo, matairi hayageuki. Ukikata kona kweli, yanageuka kweli. Halafu egemeza kiwiko cha kulia ubavuni, kama unavyobana daftari kwapani. Mkono utatetemeka, Babu, lakini lori halitajua.

Jaribu kwanza kwa nusu. Ikizidi kulegea, rudisha kidogo kidogo. Usifanye kwa hasira.

Na mimi nina langu. Mwalimu hakuizungushia namba penseli kwa sheria tu. Nilimwandikia mimi mwaka jana, nikamwomba aifute ampe mfamasia. Yeye hakutaka, ndiyo akaweka penseli badala ya kifutio, akasema atasubiri Agosti. Mfamasia hana kosa, aliambiwa inaachwa. Niliomba kwa sababu kila nikifikiria namba ipo, naona boksi chini ya kitanda, na chumba, na wewe umekaa kibarazani unaangalia njia. Nikaona ikifutwa hutanisubiri tena. Sikujua utalitoa boksi.

Kazi hii ninaipenda. Hilo ndilo nililoshindwa kuliandika hata mara moja. Sikukimbia mtu. Ninaipenda tu.

Chaji betri asubuhi ya shindano, sio siku ya kabla.

Mjukuu wako


2 Septemba

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi sana. Shangazi anakusalimu na anasema kijani kile cha chumbani kinamtia kichefuchefu, lakini amehamishia cherehani humo. Nimemruhusu. Kitanda nacho kiko humohumo, kimesogea ukutani.

Kidude cha katikati nilizungusha nusu, lori likalegea mno, likapita kona likiaga. Nikarudisha kidogo. Tena kidogo. Siku tisa nimerudisha kidogo kidogo, mimi ambaye sijawahi kurudisha kitu kidogo. Siku ya kumi likanyooka. Mkono unacheza, lori linakwenda kama limechorwa na rula. Shangazi alikuwa dirishani, akaondoka akaenda jikoni, akarudi macho mekundu akasema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Jumamosi tulikuwa saba kundi la kwanza, mizunguko ishirini. Mfamasia alikuwa kundi la pili, kwa hiyo zamu yetu yeye alisimama uwanjani kama mgeuzaji, gari la mtu likipinduka analigeuza. Nikapanda kwenye jukwaa la mbao na wale wengine, kiwiko ubavuni. Mmoja akaniuliza, "Mzee, una baridi?" Nikamwambia, "Nakuonea huruma, ndiyo natetemeka."

Mizunguko sita nilikwenda vizuri. Wa saba, kwenye tuta lilelile, nikavuta moto mapema, likatua ubavu, likapinduka miguu juu. Na mahali lilipopindukia ilikuwa upande wa mfamasia. Nikasema basi, huyu atafunga kwanza kamba za viatu. Mjukuu wangu, yule bwana alikimbia! Na tumbo lile! Akaligeuza, akalisukuma, akapaza sauti hata mimi nikasikia: "Twende, Mbuzi!" Uwanja mzima ukashika, kila nikipita, Twende Mbuzi.

Mzunguko wa kumi na nane betri ikaanza kuchoka. Wale vijana wangevuta tu. Mimi nikalegeza kidole, nikaliacha litambae, maana lori lililochoka halipigwi, linabembelezwa. Likatambaa mbili. Likavuka mstari.

Nilikuwa wa sita. Wa saba mota yake iliungua, hakuhesabu kidole. Kwa hiyo katika waliomaliza mimi ndiye wa mwisho, sikufichi. Lakini katika waliomaliza wakiwa na miaka sabini na tisa mimi ndiye wa kwanza, na tofauti yangu na wa pili haipimiki.

Nikazima lori. Halafu ndipo nikazima rimoti. Muulize yeyote.

Mwalimu akafungua daftari, akachukua kalamu ya wino, akapita juu ya penseli yote. Akaniuliza, dereva nimwandike nani? Nikafikiri. Nikamwambia aandike jina lako, na mimi aniandike kaimu. Mameneja kumi na mmoja nimewaona wakiitwa makaimu na kuvimba shingo, sasa na mimi nimekuwa. Ulisema hutaki kusubiriwa. Haya, mimi sikusubiri. Kaimu hakai kibarazani kuangalia njia, ana kazi, Jumamosi ijayo tunabadilisha springi za nyuma mimi na mfamasia, la kwake limeanza kudunda na hajui skrubu inafunguka upande gani. Wewe ponyesha mashine zako. Kama unaipenda kazi ungesema tangu mwanzo. Mimi mtu wa kupenda kazi nitamlaumuje?

Siku ukikitaka kiti chako, miaka mitatu au kumi, utakikuta bado kina joto.

Na kwa kuwa nakujua, utasema Babu anajisifu. Shahidi wa kwanza ni Mwalimu mstaafu, daftari liko kwake, wino haujakauka vizuri. Wa pili mfamasia, naye si rafiki yangu, kwa hiyo ushahidi wake una nguvu. Wa tatu shangazi yako, ukimtoa habari ya vitunguu. Wa nne nimemtia humu ndani ya bahasha. Ni kile kipande nilichokata kwenye barua yako ya Aprili. Kiangalie juani utaona matundu, safu nzima. Meno yamepita juu ya kila neno na hakuna hata moja lililokatika. Gia ziko vilevile tangu siku ile, zimebakiza nafasi yake. Sijazigusa.

Babu yako,
Spana
Kaimu, namba 31